Je, Hanang ililipuka? Kufundisha jiolojia kwa habari za siku kwa wasiosoma sayansi

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope zito lililobeba magogo na mawe lilishuka kutoka Mlima Hanang likafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, mkoani Manyara. Taarifa za siku ya kwanza zilitaja vifo visivyofika 50. Hesabu ya mwisho ilivuka 80. Waokoaji wakiwa bado wanachimbua, watu walikuwa wameshaanza kuulizana: je, ni volkano? Swali halikuwa la kipuuzi, maana Hanang ni mlima wa volkano kweli. Siku chache baadaye serikali, ikitegemea wataalamu wa jiolojia, ilieleza kwamba hakukuwa na mlipuko. Sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji ya mvua, ikamegeka, ikawa tope.

Kwa mwalimu wa jiografia mwenye darasa la HGL, HGK au HGE (michepuo ya sanaa yenye historia na jiografia), au mhadhiri anayefundisha jiolojia ya utangulizi kwa wanafunzi wa sheria, biashara na uandishi wa habari, tukio hilo lina vipindi vinne ndani yake. Kwa kawaida halipewi hata kimoja. Mwalimu analitaja dakika mbili za mwanzo, darasa linasikitika, kisha anageukia ubao na kuandika "Aina za miamba". Wanafunzi wanabaki wakiamini kwamba tukio ni jambo moja na somo ni jambo jingine.

Habari ya siku hufundisha jiolojia pale inapoacha swali lisilojibika bila jiolojia. Ikishindwa hapo, ni afadhali kuiacha na kufundisha kitabu.

Kuchagua habari

Ukubwa wa tukio si kigezo. Kigezo ni kama kuna maelezo mawili yanayogombania chanzo chake, na kama ushahidi wa kuyatenganisha unaweza kufika darasani. Mwanafunzi wa sanaa si mgeni wa kupima madai. Kwenye historia anafundishwa kuuliza nani kasema, alikuwa wapi, anafaidika na nini. Asichokijua ni sura ya ushahidi unaotoka ardhini. Mpe hicho tu, mengine anayo.

Hanang inakidhi kigezo hicho: volkano au mmegeko? Mai Mahiu nchini Kenya pia. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya mapambazuko, mafuriko yalizoa nyumba na watu, na habari za mwanzo zikasema bwawa la Old Kijabe limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba halikuwa bwawa: njia ya maji chini ya tuta la reli iliziba kwa takataka za mafuriko, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, kisha yakapasua. Kwa darasa, tofauti hiyo ina uzito. Bwawa lina mmiliki na mhandisi. Tuta lililoziba linatulazimisha kuzungumzia mteremko, udongo uliochukuliwa na maji, na nani alikuwa na wajibu wa kusafisha kalvati. Wanafunzi wa uraia na sheria huamka hapo.

Ufa wa Suswa, karibu na barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, Machi 2018, ni wa tatu, nao tutaurudia kwa hesabu.

Epuka habari ambazo chanzo chake hakibishaniwi hata kidogo, na zile ambazo ushahidi wake unahitaji maabara. Epuka pia, angalau kwa wiki mbili tatu za kwanza, tukio lililoua ndugu wa wanafunzi walioko mbele yako. Uliza kabla, kimya kimya, kupitia mwalimu wa darasa au mlezi. Picha za miili hazina kazi yoyote kwenye somo la jiolojia.

Hanang kwa dakika 80

Vipindi viwili vilivyoungana vinatosha, ukiwa umeandaa karatasi na trei siku moja kabla.

Anza kwa kugawa karatasi yenye madai mawili tu, bila kusema lipi ni sahihi: "Mlima umelipuka" na "Mlima umemegeka". Kila kundi la watu watano lijaze, kwa dakika kumi, tungeona nini ardhini kama dai la kwanza lingekuwa kweli, na tungeona nini kama la pili lingekuwa kweli. Wengi watakwama kwenye la kwanza, kwa sababu volkano wanayoijua ni ya filamu. Hapo ndipo unapofundisha, maana sasa wanahitaji jibu. Mlipuko huacha majivu yaliyotawanyika kufuata upepo, hata juu ya mapaa ya nyumba zilizo mbali na mabonde. Mara nyingi hutanguliwa na matetemeko madogo na gesi yenye harufu ya salfa. Vipande vyake vipya huwa na vinyweleo vya gesi na kingo kali zisizochakaa. Mmegeko wa mlima huacha kovu kwenye mteremko, na tope lake hufuata mikondo ya mito na makorongo. Tope hilo huwa baridi, limechanganya mawe makubwa na udongo mwembamba bila mpangilio, na lina miti iliyong'olewa isiyoungua. Tena hutanguliwa na mvua nyingi.

Baada ya hapo toa ushahidi kidogo kidogo, si wote kwa mkupuo: picha ya magogo yenye magome mabichi, taarifa ya mvua kubwa ya usiku uliotangulia, picha ya setilaiti ya kabla na ya baada. Kila ushahidi ukitoka, kundi liseme umesogeza imani yao upande gani, na kwa nini. Mwanafunzi akisema "huu hausaidii upande wowote", mpe alama. Tope lenye mawe ya volkano, kwa mfano, halithibitishi mlipuko: mlima mzima umejengwa kwa mawe ya volkano, kwa hiyo chochote kinachomegeka kitakuwa na mawe hayo. Huu ndio mtego unaonasa watu wazima pia.

Picha za setilaiti zinapatikana bure. Sentinel-2 ya Ulaya hupiga picha eneo lilelile kila baada ya siku tano hivi, na nukta moja ya picha ni mita 10 za ardhi. Landsat ya Marekani hutoa nukta ya mita 30. Tatizo ni mawingu: maporomoko hutokea masika au vuli, na wakati huo mlima umefunikwa. Picha ya wiki iliyofuata tukio inaweza isionyeshe kitu. Nenda mbele hadi upate siku ya anga jeupe, halafu chagua picha ya kabla ya tukio ya msimu uleule. Ukilinganisha picha ya Septemba ya ukame na picha ya Januari ya majani mabichi, wanafunzi wataona rangi zimebadilika mlima mzima na kudhani ni uharibifu. Chapisha picha hizo kwenye karatasi, hata za rangi nyeusi na nyeupe. Kutegemea bando na projekta siku ya kipindi ni kujitafutia aibu.

Sasa trei. Tafuta trei ya plastiki au ya bati yenye urefu wa sentimita 60 hivi, ukuta mmoja wa upana ukiwa umekatwa ili maji yatoke. Utahitaji kilo 3 za udongo wa mfinyanzi, kilo 8 za mchanga mwembamba, na chupa mbili za lita moja na nusu zilizotobolewa matundu madogo kumi kwenye kifuniko kwa sindano. Tandaza udongo wa mfinyanzi unene wa sentimita 2 na uushindilie. Juu yake weka mchanga wenye unyevunyevu unene wa sentimita 5. Inua upande mmoja hadi mteremko ufike nyuzi 20. Pembe ipime kwa kipimapembe cha kawaida chenye uzi na nati iliyofungwa katikati.

Nyunyiza maji polepole sehemu ya juu, chupa moja kwa dakika tano au zaidi. Kwa muda hakuna kinachotokea, na darasa litaanza kupiga soga. Kisha maji yataanza kuchuruzika chini ya mteremko, pale mchanga unapokutana na udongo wa mfinyanzi. Muda mfupi baadaye kisigino cha mteremko kitalegea, kitashuka, na sehemu ya juu yake itakosa kizuizi na kufuata, kipande kwa kipande kuelekea juu. Usipoona mmegeko, ongeza pembe kwa nyuzi 5.

Kuna njia tatu za kuharibu jaribio hili. Ukimwaga maji kwa kasi, utachimba mfereji juu ya mchanga, na hicho ni kitu kingine kabisa, mmomonyoko wa juu. Ukitumia mchanga wa kokoto za ujenzi, maji yatapita kwa urahisi na kutoka bila kujaa. Ukisahau udongo wa mfinyanzi, maji hayatapata sakafu ya kukusanyikia. Ukiwa na muda, fanya kosa mojawapo kwa makusudi na uwaulize kwa nini matokeo yamebadilika. Lifanye jaribio lote peke yako siku moja kabla, kwa mchanga uleule utakaoutumia.

Maelezo yanayofuata jaribio ndiyo yanayokosewa zaidi. Wanafunzi husema maji "yamelainisha" udongo ukateleza, mithili ya mafuta. Sivyo. Chembe za mchanga zinashikana kwa sababu zinakandamizana, na msuguano unatokana na mkandamizo huo. Maji yakijaa nafasi zote kati ya chembe, yanazisukuma kutoka ndani, mkandamizo unapungua, na msuguano nao. Wakati huohuo uzito wa mteremko umeongezeka. Unyevu kidogo hufanya kinyume: huzivuta chembe pamoja, ndiyo maana mchanga mkavu husimama kwa nyuzi 30 na kitu tu, ilhali wenye unyevu unaweza kusimama wima. Waonyeshe yote matatu: mkavu, wenye unyevu, uliojaa maji. Ni dakika sita.

Malizia na hesabu moja ambayo hata anayechukia hesabu ataifanya. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Je, milimita 100 juu ya kilomita 1 ya mraba ya mlima ni tani ngapi za maji? Jibu ni tani 100,000, yaani malori 10,000 ya tani kumi kumi. Wape muda waikubali namba hiyo kabla ya kugonga kengele.

Suswa: hesabu ya mstari mmoja

Mvua kubwa za Machi 2018 zilifungua bonge la ufa ardhini karibu na Suswa, ukakata barabara. Vichwa vya habari duniani vilitangaza kwamba Afrika inagawanyika. Wanafunzi wengi bado wanalo hilo kichwani, na wengine wameona video.

Ni kweli kwamba bamba la Nubia na bamba la Somalia, vipande vikubwa vya ganda la dunia, yanaachana kwenye Bonde la Ufa. Mwendo wake hupimwa kwa vituo vya GPS vilivyofungwa kwenye miamba, na ni milimita chache kwa mwaka: mdogo zaidi upande wa kusini, mkubwa zaidi Ethiopia. Chukua milimita 5 kwa urahisi wa hesabu. Ufa wa Suswa ulifika upana wa mita 15 hivi sehemu kadhaa, na ulionekana ndani ya siku chache. Kwa mwendo wa milimita 5, mita 15 zinahitaji miaka 3,000. Basi kuna kitu kingine kilichofanya kazi, na darasa limegundua hivyo lenyewe kwa kugawa namba mbili.

Maelezo ambayo wanajiolojia wengi waliyatoa ni kwamba sakafu ya bonde hapo imejaa majivu ya volkano yaliyolegea, maji ya mvua yakayahamisha kupitia njia za chini ya ardhi, na juu pakaporomoka. Kama nyufa za zamani za miamba ndizo zilizoelekeza maji hayo, ni jambo lililojadiliwa na wataalamu wenyewe. Usilifiche. Wanafunzi wa sanaa huwa wameaminishwa kuwa sayansi ni orodha ya majibu. Kuona wataalamu wakibishana kwa adabu juu ya korongo moja kunawafaa kuliko ufafanuzi wa kukariri.

Endeleza hesabu: kwa mwendo huohuo, bahari ya upana wa kilomita 100 itachukua miaka milioni 20. Wengine watakosea sifuri. Mwambie kila mmoja aandike vizio kwenye kila mstari, milimita, mita, kilomita, na usimsahihishie hadi amevipitia mwenyewe.

Tetemeko: namba moja isiyotosha

Kila tetemeko linapotokea, habari hutaja namba moja na kuiita "kipimo cha Richter". Wanajiolojia wameacha kutumia kipimo hicho kwa matetemeko makubwa. Leo wanakokotoa ukubwa kutokana na eneo la ufa lililoteleza, umbali lililoteleza na ugumu wa mwamba. Hilo liseme mara moja na uendelee, halina haja ya kipindi kizima.

Kinachohitaji kipindi kizima ni tofauti kati ya ukubwa na ukali. Ukubwa ni wa tetemeko lenyewe, ni namba moja. Ukali ni wa mahali uliposimama, na hubadilika mtaa kwa mtaa. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Liliua watu zaidi ya kumi na tano, likabomoa nyumba nyingi za matofali ya udongo Bukoba na kuharibu shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Lilisikika hadi Uganda na Rwanda, lakini huko halikubomoa kiasi hicho. Tetemeko lilelile, ukali tofauti.

Zoezi lake ni rahisi. Gawa ramani ya Kanda ya Ziwa isiyo na kitu zaidi ya miji, pamoja na vikaratasi ishirini vya maelezo ambavyo umeviandika wewe: "sahani zilitikisika kabatini", "ukuta wa udongo ulianguka", "sikuhisi kitu nikiwa garini". Eleza wazi kuwa ni vya kubuni. Wanafunzi wayape maelezo namba za ukali kwa jedwali la Mercalli lililofupishwa hadi ngazi sita, wazipange kwenye ramani, kisha wachore mistari inayozunguka namba zinazolingana. Kitakachoharibika ni mistari: watataka kuunganisha nukta moja moja kwa rula. Waambie mstari unapita kati ya namba, kama mistari ya kontua wanayoijua kwenye ramani za topografia. Weka makusudi vikaratasi viwili vinavyokwenda kinyume na vingine, mfano ukali mkubwa mbali na kitovu kwa sababu nyumba ilikuwa kwenye udongo laini wa ufukweni. Mjadala wa vikaratasi hivyo viwili ndio kiini cha somo.

Kwa wanaoweza hesabu kidogo, linganisha na Uturuki, tarehe 6 Februari 2023, ukubwa wa 7.8. Tofauti na Kagera ni 1.9 tu kwa macho. Kila namba nzima moja ni nishati mara 32 hivi, kwa hiyo 1.9 ni nishati mara 700. Kisha vunja imani kwamba namba kubwa ndiyo huua zaidi: mwaka 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0, Chile la 8.8, ambalo lilikuwa na nishati mara 500 hivi zaidi. Haiti walikufa watu zaidi ya laki moja; Chile mia tano na kitu. Mwanafunzi wa historia na uchumi akishapewa namba hizo nne, mwachie uwanja: kina cha tetemeko, umbali wa kitovu hadi mji mkuu, kanuni za ujenzi na nani anazisimamia.

Utabiri nao hauepukiki. Baada ya tetemeko la Uturuki, mtu mmoja wa Uholanzi aliyekuwa ameandika siku tatu kabla kuhusu tetemeko katika eneo hilo alipata wafuasi wengi mtandaoni. Usimkejeli mbele ya wanafunzi waliomwamini. Waulize tu: utabiri mzima unataja mahali, muda na ukubwa, je, ni mara ngapi alitabiri likawa halipo? Halafu wape takwimu: dunia hupata matetemeko zaidi ya mia moja kwa mwaka yenye ukubwa kati ya 6 na 6.9. Atakayesema "wiki hii mahali fulani duniani patatikisika kwa 6" atapatia karibu kila wiki.

Goma: uamuzi bila uhakika

Kwa wanafunzi wa uraia, sheria na utawala sijaona habari inayozidi ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, Mei 2021. Jioni ya tarehe 22 volkano ya Nyiragongo ilifunguka ubavuni na lava ikateremka, ikasimama pembezoni mwa mji. Lava yake ina silika kidogo sana, ndiyo maana ni nyepesi na ya kukimbia. Mlipuko wa mwaka 1977 ndio ulioufanya mlima huu uogopwe, na ule wa Januari 2002 ulifika katikati ya mji. Siku zilizofuata Mei 22 ardhi iliendelea kutikisika, nyufa zikaonekana mitaani. Tarehe 27 mamlaka ziliagiza sehemu kubwa ya mji ihame, kwa hofu ya magma iliyokuwa chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu, ambalo limeyeyusha kilomita za ujazo 300 hivi za kabonidioksidi na 60 za methani. Mamia ya maelfu waliondoka, wengine kwenda Sake, wengine wakivuka kuingia Rwanda. Mlipuko wa pili haukuja. Juni wakaanza kurudishwa.

Gawa majukumu: mtaalamu wa kituo cha kuchunguza volkano, gavana, daktari wa hospitali, mama anayeuza sokoni, mkuu wa shule. Toa taarifa kwa tarehe, moja moja, na usiwape mwisho wake hadi wameamua. Baada ya hapo wajibu swali hili kwa maandishi: je, agizo la kuhama lilikuwa kosa kwa sababu mlipuko haukutokea? Wengi wataandika ndiyo. Kazi yako ni kuwaonyesha kwamba uamuzi hupimwa kwa kilichojulikana siku ulipofanywa, na kwamba mtaalamu aliyesema "uwezekano upo" hakusema "itatokea".

Goma pia inatoa jaribio la bei ndogo. Wakazi huita mazuku ile kabonidioksidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, ikiua mifugo na watoto. Gesi hiyo ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa. Simamisha mishumaa mitatu ya urefu tofauti ndani ya beseni lenye kina na uiwashe. Kwenye jagi, changanya vijiko viwili vya baking soda na nusu kikombe cha siki, subiri povu litulie, kisha miminia gesi tu, polepole, ukutani mwa beseni bila kumwaga maji. Mshumaa mfupi utazimika kwanza. Feni au dirisha lililo wazi vitaharibu jaribio. Usifunike beseni: ukifunika, hewa ya moto iliyotumika hujikusanya juu, mshumaa mrefu huzimika kwanza, na darasa litajifunza kinyume.

Madini, kwa walio na biashara akilini

Mwezi Juni 2020 Saniniu Laizer aliiuzia serikali ya Tanzania mawe mawili ya tanzanaiti, kilo 9.27 na kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Miaka miwili kabla, Mererani ilikuwa imezungushiwa ukuta. Swali la darasa: kwa nini ukuta unawezekana Mererani na hauwezekani kwa dhahabu ya Kanda ya Ziwa? Jibu liko kwenye miamba. Tanzanaiti inachimbwa eneo dogo la kilomita chache, ambamo miamba geu ya kale yenye grafiti ilikutana na joto, mgandamizo na vanadi kwa kiasi kinachofaa. Dhahabu imesambaa kwenye mikanda mirefu. Sera imefuata jiolojia.

Vichwa vya habari vya "utajiri mkubwa umegunduliwa" vipe hesabu hii: mgodi wenye gramu 4 za dhahabu kwa tani, ukipoteza asilimia 10 kiwandani, unahitaji tani ngapi za mwamba kupata aunsi moja ya gramu 31.1? Ni tani 8.6, bila kuhesabu mwamba mtupu unaoondolewa ili kuifikia. Baada ya hapo wanafunzi wenyewe huanza kuuliza kama tani zilizotajwa kwenye habari ni za mwamba au za madini, na kama kuna aliyepima gharama.

Usahihishaji na bahasha

Mtihani wa taifa hautauliza habari za gazeti, na wanafunzi wanalijua hilo. Funga kila kipindi kwa swali moja lenye sura ya mtihani, lililojibiwa kwa tukio la siku hiyo kama mfano. Kwa kazi ya nyumbani, aya moja ya maneno 150 juu ya habari moja, alama kumi: dai limesemwa wazi, 2, ushahidi uliochaguliwa, 3, kiungo kinachoeleza kwa nini ushahidi huo unaliunga dai, 4, kiwango cha uhakika, 1. Alama nyingi ziko kwenye kiungo kwa sababu ndicho wanachokiruka. Wataandika "kulikuwa na mvua nyingi, kwa hiyo mlima ulimegeka" na kudhani wamemaliza.

Shida ya mwisho ni ratiba: tukio halisubiri mada yake ifike. Mlima unamegeka Desemba, mada ya maporomoko iko Mei. Weka bahasha kwa kila mada iliyo kwenye azimio la kazi. Kila tukio likitokea, chapisha taarifa tatu: ya siku ya kwanza, ya siku ya nne au ya tano, na ya baada ya mwezi. Andika tarehe na chombo juu ya kila karatasi, maana mtandaoni habari hurekebishwa kimyakimya na toleo la kwanza hupotea. Tofauti kati ya karatasi hizo tatu ni somo hata bila maelezo. Novemba 2025 volkano ya Hayli Gubbi ilipolipuka Ethiopia na majivu yake kuvuka hadi Yemen na Oman, vyombo vingi viliandika kuwa ni mara ya kwanza kwa takriban miaka 12,000. Karatasi makini ziliandika kwamba hakuna mlipuko wake mwingine unaojulikana katika kipindi hicho. Ziweke zote mbili kwenye bahasha moja, na mada ya volkano ikifika waulize wanafunzi ni ipi inayoweza kuthibitishwa, katika eneo la jangwa ambalo watafiti wachache wamefika.